Tulipoipima Ngome ya Kompyuta Yetu

Akina mama wenzetu, dai la ada lilikuja asubuhi moja ya Novemba 2025, na wala halikuja kwa posta. Lilijitokeza lenyewe kwenye kioo cha kompyuta tukiwa tunachapa orodha ya michango ya umoja wa akina mama. Maandishi yalikuwa mekundu. Yalisema kwamba kifurushi chetu cha ulinzi kimebakiza siku 14, na kwamba tusipolipia mwaka mwingine, ngome inayoikinga kompyuta yetu haitafanya kazi tena. Baba watoto, aliyekuwa ameketi nyuma yetu na kikombe chake cha chai, aliyasoma kwa sauti, kisha akauliza: "Mama watoto, hivi hiyo ngome imewahi kumzuia nani?"

Ada yenyewe ingetosha nauli ya shule ya binti yetu kwa mwezi mzima, kwa hiyo swali lilikuwa la haki. Tukajibu upesi upesi kwamba mbona mwaka mzima hatukupata tatizo lolote. Maneno hayajapoa mdomoni tukaona haya. Sisi tumefanya kazi ya uuguzi kwa zaidi ya miaka 20, na hatuwezi kuhesabu ni mara ngapi tumewaeleza akina mama kliniki kwamba mtoto kutougua surua si ushahidi kwamba alichanjwa. Huenda hajakutana na surua, basi. Leo tulikuwa tunatumia hoja ile ile ambayo huwa tunaikemea.

Kompyuta yetu ni ya mezani, tuliinunua ya mtumba, nayo hukaa sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma. Wapo watakaosema, kompyuta ya nyumbani ina nini cha kuibwa? Ya kwetu ina picha za kipaimara, vyeti vya watoto, na hesabu za umoja. Ilikuwa pia na kitu kingine ambacho tunakitaja kwa kusitasita. Kwa miaka sita tumekuwa tukijitolea katika huduma ya wagonjwa majumbani inayoendeshwa na kanisa letu. Kila Alhamisi tunapita nyumba kwa nyumba, tunasafisha vidonda, tunahesabu vidonge vilivyobaki kwenye chupa, na mara nyingi tunakaa tu na kusikiliza. Rejista ya wagonjwa wale, majina 17, pamoja na mtaa, ugonjwa na dawa za kila mmoja, tulikuwa tumeinakili kwenye kompyuta ili kurahisisha ripoti ya mwisho wa mwezi. Humo wamo wanaoishi na VVU ambao hata ndugu wanaolala nao nyumba moja hawajui. Hakuna aliyetuagiza kuinakili. Tulijirahisishia kazi wenyewe.

Ndiyo maana swali la baba watoto lilitunyima usingizi.

Hebu tueleze kwanza ngome ni kitu gani, maana hata sisi kwa muda mrefu tulidhani ni jina jingine la kingavirusi. Sivyo. Kingavirusi hukagua mafaili yenyewe, kama askari wa soko anayechungulia ndani ya kikapu. Ngome, ambayo mafundi huiita fayawoli, haishughuliki na kikapu. Yenyewe hukaa mlangoni na kuuliza: nani anaingia, nani anatoka, na anapitia mlango upi? Kompyuta ina milango isiyoonekana kwa macho, yenye namba zinazofika hadi 65,535, na kila kazi ina mlango wake. Kurasa za intaneti zenye usalama hupitia mlango namba 443. Kompyuta za Windows zinapogawana mafaili hutumia mlango namba 445. Mlango ambao ndani yake hakuna programu inayousikiliza hauna hatari kubwa. Hatari ni ule ambao ndani yake kuna mtu yuko macho, anangoja kuitwa.

Sisi wauguzi tunaelewa haraka zaidi tukisimuliwa habari za minyoo. Mafundi nao wana minyoo yao, nayo hutofautiana na virusi kwa jambo moja, kwamba haingoji mtu afungue barua au abonyeze chochote. Hutafuta mlango ulio wazi ikaingia yenyewe. Agosti 2003 mnyoo ulioitwa Blaster ulienea duniani kupitia mlango namba 135. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba tundu lile mwezi mmoja kabla. Isitoshe, Windows XP ilikuwa na ngome yake ndani tangu ilipotoka mwaka 2001, ila ilikuja imezimwa, na watu wengi hawakujua kama ipo. Ni mpaka Agosti 2004 ndipo ilipoanza kuja ikiwa imewashwa. Fikiri mwenyewe: chandarua kimo ndani ya nyumba, kimekunjwa kabatini, na watoto wanaumwa na mbu!

Kisha tarehe 12 Mei 2017 ukaja WannaCry, huu ukipitia mlango namba 445. Ulifunga mafaili ya watu na kudai fidia. Nao kiraka chake kilikuwa kimetolewa tangu Machi mwaka ule. Huko Uingereza uliingia katika hospitali za umma, na ripoti ya ofisi ya ukaguzi wa taifa ilieleza baadaye kwamba inakadiriwa miadi ya wagonjwa zaidi ya 19,000 ilifutwa. Habari zile tulizisoma tukiwa zamu ya usiku. Tulimwaza mgonjwa aliyekaa na njaa tangu jana yake akingoja upasuaji, halafu anaambiwa arudi nyumbani kwa sababu kompyuta haifunguki.

Kuna na kisa cha Machi 2004, hiki tulisimuliwa na kijana tutakayemtaja hapa chini. Mnyoo ulioitwa Witty uliingilia tundu lililokuwemo ndani ya programu za ngome zenyewe, za kampuni moja ya Marekani, ukaharibu diski za kompyuta zipatazo 12,000. Waliopatwa ni wale waliokuwa na ulinzi ule. Wasio nao, mnyoo uliwapita. Tulipokisikia tulikumbuka glavu. Muuguzi aliyevaa glavu chafu ni wa kuogopwa kuliko aliyenawa mikono mitupu, maana mwenye glavu amejiaminisha.

Basi, kijana mmoja wa kwaya yetu, ambaye anasomea mambo ya kompyuta chuoni, alikubali kuja Jumamosi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu chai."

"Nitakunywa baadaye, mama. Kwanza nimwone mgonjwa."

Alianza kwa kuuliza Windows yetu ni ya ngapi, kama vile sisi tunavyouliza kadi ya chanjo kabla ya kupima uzito. Ilikuwa bado Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuitolea viraka vya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Akatikisa kichwa. Alisema ngome nzuri juu ya kompyuta isiyo na viraka ni kama bandeji safi juu ya kidonda kisichooshwa. Bahati njema kompyuta ilikubali kupandishwa hadi Windows 11, na kazi hiyo ilikula asubuhi nzima. Chai akainywa.

Alipomaliza akatuuliza, "Mama, unamwogopa nani hasa? Mtu wa mbali asiyekujua, mtu aliyemo ndani ya waifai yako, au programu ambayo tayari imeshaingia kwenye kompyuta?"

Tukamwambia tunawaogopa wote. Akacheka. "Basi tutapima mara tatu, maana ngome inaweza kumzuia mmoja na kumpisha mwingine."

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha mtu wa mbali. Upo ukurasa wa intaneti uitwao ShieldsUP, ulioanzishwa na Mmarekani Steve Gibson miaka mingi iliyopita, ambao ukiuomba hubisha hodi bure kwenye milango 1,056 ya kwanza na kukuonyesha matokeo kwa vijiboksi vya rangi. Chekundu maana yake mlango uko wazi. Bluu, umefungwa lakini umejibu hodi. Kijani, haukujibu kabisa, kana kwamba hakuna nyumba. Vyetu vyote vilitoka kijani. Baba watoto alipiga makofi, na sisi, tusifiche, tulimtazama kwa jicho la "unaona sasa?"

Kijana hakupiga makofi. Aliizima ngome ya kifurushi kwa dakika chache, akarudia kipimo kile kile. Kijani tena, vyote.

Sebule ilikuwa kimya. Akatueleza kwamba hodi zile hazikuwa zimefika kwenye kompyuta hata kidogo. Zilikuwa zimeishia kwenye rauta, kile kisanduku cheupe chenye taa kilicho juu ya kabati. Rauta ya nyumbani hupokea hodi za nje kwa niaba ya vyombo vyote vilivyo ndani, na hodi ambayo hakuna chombo kilichoiita, huitupa. Akaongeza kwamba wanaotumia modemu ya laini ya simu huenda wanapima vyombo vya kampuni ya simu, maana mara nyingi anwani moja ya intaneti hugawiwa wateja wengi. Kwa hiyo ukurasa ule hausemi uongo, ila mtu anaweza kudhani amempima mtoto kumbe amempima yaya. Mwaka mzima tulikuwa tukitoa shukrani kwa ukuta ambao pengine hakuna aliyeugusa.

Kipimo cha pili ndicho kilichotuumiza.

Kijana aliwasha kompyuta yake ya mpakato, akaomba neno la siri la waifai yetu. Kumbe analo tayari! Aliliweka siku ya mazoezi ya kwaya. Akaiwasha tena ngome ya kifurushi, kisha akatumia programu iitwayo Nmap, ambayo kazi yake ni kubisha hodi kwenye milango ya kompyuta nyingine na kuandika upi umejibu. Safari hii rauta haikuwa katikati, maana yeye na kompyuta yetu walikuwa ndani ya nyumba moja. Mlango namba 445 ulijibu.

Akabonyeza kidogo, kisha akasimama na kuturudishia kiti. "Mama, njoo uone mwenyewe. Mimi sijafungua."

Kwenye kioo cha kompyuta ya kijana wa watu yalikuwa yameandikwa maneno tuliyoyaandika kwa mkono wetu: Rejista ya Alhamisi. Tulibonyeza mara mbili. Hapakuulizwa neno la siri. Majina yote 17 yalifunguka.

Ilikuwaje? Kifurushi kilikuwa kimelipiwa, kimewashwa, kina alama yake ya kijani ya "umelindwa". Kijana alifukua mpaka akapata. Siku tulipokisimika, kilituuliza kama mtandao huu ni wa nyumbani au wa umma. Tukajibu wa nyumbani, maana tulikuwa nyumbani! Nani angejibu vingine? Lakini kwa lugha ya ngome, "nyumbani" maana yake "wote waliomo humu nawaamini, wafungulie". Na miaka miwili kabla ya hapo, fundi aliyetuunganishia printa ili binti yetu aweze kuchapa kazi zake kutoka chumbani, alikuwa ameligawa folda letu la nyaraka kwa "kila mtu", bila neno la siri, ili asisumbuke. Rejista tukaja kuiweka humo humo. Ngome haikukosea. Ilitii ilivyoagizwa.

Nyumbani kwetu ni kwa nani sasa? Jumuiya hukutana kwetu mara mbili kwa mwezi. Wanakwaya huhifadhi nyimbo zao kwa waifai yetu. Mpangaji wa nyumba ya uani analo neno la siri. Mtoto wa jirani hukaa chini ya dirisha letu jioni akifanya kazi za shule kwa simu ya mama yake, na sisi wenyewe ndio tuliomwandikia neno lile kwenye daftari, kwa moyo mweupe. Tulihesabu watu 30 hivi, tukaacha.

Kijana alibadilisha jibu letu kutoka "nyumbani" kuwa "umma", akapima tena, na mlango namba 445 haukujibu. Akaondoa ule ugawaji wa folda. Halafu akafanya jambo ambalo tulikuwa tumemwomba tangu mwanzo, kwa ajili ya ada. Alikizima kifurushi, akaiwasha ngome iliyokuja na Windows yenyewe, nayo akaiambia mtandao ni wa umma. Matokeo yalikuwa yale yale. Kwa mtu wa ndani ya waifai, ngome ya bure na ngome ya kulipia zilimzuia sawasawa, mradi zimejibiwa vizuri lile swali moja. Wauza vifurushi hawaliandiki hilo kwenye boksi.

Kipimo cha tatu tukipite kwa haraka, ingawa kina mafunzo yake. Ngome ya kifurushi ilijisifu kwamba huzuia pia programu mbaya zisipeleke siri zetu nje. Kijana alikuwa ameandika kiprogramu chake mwenyewe kisicho na madhara, kazi yake ni kutuma neno moja tu, "habari", hadi kwenye kompyuta aliyoiacha chuoni. Akakiendesha. Neno lilifika, na ngome haikusema lolote, kwa kuwa ilikuwa imewekwa ijiamulie yenyewe. Tukaiweka iwe inatuuliza kwanza. Kiprogramu kile ikakishika mara moja, tukafurahi. Lakini kuanzia hapo ilituuliza juu ya kila kitu: programu ya muziki, saa ya kompyuta, hata printa. Kufikia Jumatatu tulimkuta binti yetu akibonyeza "ruhusu" bila kusoma. Hatukumkemea sana. Tumekaa wodini na mashine zinazolia usiku kucha, tunajua sikio la binadamu linavyojifunza kutosikia kengele. Na mtu akituma barua ya uongo, binti akaandika mwenyewe neno lake la siri kwenye ukurasa wa matapeli, neno hilo hutoka kupitia mlango namba 443, mlango ule ule tunaotumia kwa kila kitu, na ngome humfungulia kwa heshima zote.

Tulisoma pia majedwali ya maabara, kwa kuwa baba watoto anapenda majedwali. AV-TEST ya Ujerumani hutoa alama hadi 6 kwa kinga, 6 kwa wepesi wa kompyuta na 6 kwa urahisi wa kutumia, jumla 18. Ni kazi nzuri, na ina faida kwa anayechagua kingavirusi. Lakini alama ile ni ya kifurushi kizima, si ya ngome peke yake, na wala maabara haikuja sebuleni kwetu kuuliza neno la siri la waifai analo nani.

Ada hatukulipa. Tumebaki na ngome ya Windows na kingavirusi chake kinachokuja nayo. Baba watoto alifurahi kupita kiasi, akawa anamsimulia kila mgeni jinsi alivyouliza swali. Tumemwachia. Printa sasa inatumia waya, na binti ananung'unika kila akitembea hatua kumi na mbili kuja kuchapa. Neno la siri la waifai tumelibadilisha, na wageni tumewawekea mtandao wao wa pembeni ambao rauta yetu ilikuwa nao siku zote bila sisi kujua.

Lakini rejista, hilo halikuisha siku ile. Tuliifuta kwenye kompyuta na kurudi kwenye daftari linalofungiwa kabatini zahanati. Jumatatu tukaenda kwa mratibu wetu wa huduma, tukamweleza yote. Tulitegemea atatufukuza. Tunaijua sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 juu ya siri za wagonjwa, na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Mratibu alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama kuna njia ya kujua nani aliyefungua. Tulikuwa tumemwuliza kijana swali lilo hilo. Njia haikuwepo. Kompyuta haiweki kumbukumbu ya kila anayesoma faili lililogawiwa, isipokuwa iwe imeagizwa hivyo mapema, na sisi hatukuagiza. Inawezekana hakufungua mtu yeyote. Inawezekana pia alifungua mmoja, akaona jina la shangazi yake, akafunga na kukaa kimya.

"Itabidi mwende mkawaambie," mratibu akasema. "Mmoja mmoja."

Tumekwisha kwenda kwa 16. Mzee mmoja alicheka na kusema ugonjwa wake unajulikana mpaka sokoni. Mama mmoja alilia, halafu akatupa mkono wake tumfunge kidonda kama kawaida. Mwingine hakutufungulia mlango wiki iliyofuata, wala ile iliyofuata hiyo, na dawa zake sasa anapelekewa na mwenzetu.

Amebaki mmoja. Ni yule jirani mwenye mtoto anayefanya kazi za shule chini ya dirisha letu. Mtoto ana miaka 14, ni mwepesi wa simu kuliko sisi sote, na tangu tubadilishe neno la siri ametuuliza mara mbili kama tumemkasirikia. Tumemwambia hapana. Mama yake hajamweleza kitu juu ya vidonge anavyomeza usiku. Alhamisi hii tunakwenda.